Mafunzo ya Wasimamizi na Mameneja Serikalini: Sharti Linafungwa Wapi?

Msimamizi katika ofisi ya serikali ni mtumishi aliyekabidhiwa kazi za wenzake. Huwapangia majukumu, hupitisha likizo zao, huwapima utendaji, huwaandikia barua za kuwataka wajieleze wanapokosea, na mara nyingi sahihi yake ndiyo inayoruhusu fedha kutoka. Meneja yuko hatua moja juu: anawasimamia wasimamizi, anabeba bajeti na anajibu hoja za ukaguzi. Masharti ya mafunzo kwa watu hawa ni zile kanuni zinazoeleza wajifunze nini, lini, kwa muda gani, na kitatokea nini wasipojifunza. Maswali matatu ya kwanza yamejibiwa kwa namna nyingi katika sheria na miongozo ya nchi mbalimbali. La nne ndilo linalotofautisha sharti na ombi.

Fundi hodari na kiti cha mkuu

Haja ya masharti haya inatokana na jinsi watu wanavyopanda vyeo. Serikalini mtu hupanda kwa taaluma yake: mhandisi anayejua barabara hufanywa meneja wa mkoa, muuguzi mzoefu hufanywa muuguzi mfawidhi, mwalimu ambaye darasa lake linafaulu hukabidhiwa shule. Siku anapopanda, kazi iliyompandisha huiacha kwa wengine na kuanza nyingine ambayo hakuisomea. Nchini Tanzania mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mhasibu husajiliwa na bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA, na bodi hizo huwadai wanachama wao waendelee kujinoa kitaaluma. Wakuu wa vitengo hawana bodi.

Pengo hilo hujitokeza katika mambo ya kila siku. Mkuu mpya wa kitengo, katika wiki yake ya kwanza, anaweza kukuta mezani ombi la masurufu la mtumishi ambaye bado hajarejesha masurufu ya safari iliyopita, fomu tatu za likizo zinazoangukia wiki za kufunga mwaka wa fedha, na taarifa ya dereva ambaye hajaonekana kazini kwa siku sita. Akipitisha masurufu, amezalisha hoja ya ukaguzi. Akipitisha likizo zote, hesabu zitachelewa. Suala la dereva ndilo lenye mtego mkubwa. Mkuu wa kitengo si mamlaka ya nidhamu, lakini jalada huanzia kwake, na utaratibu una ngazi zake: maelezo ya maandishi, hati ya mashtaka, muda wa kujitetea, kamati ya uchunguzi, kisha uamuzi. Mtumishi aliyeadhibiwa anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na huko anaweza kushinda ingawa kosa alilitenda, kwa sababu tu hatua moja ilirukwa. Mwajiri atalazimika kumpokea tena kazini, pengine na malimbikizo ya mshahara juu. Kosa la mtu ambaye hakufundishwa namna ya kufungua jalada hulipwa na Hazina.

Vyuo vilivyotangulia

Afrika Mashariki haikuanza jana kuwafundisha viongozi wa ofisi. Mzumbe, karibu na Morogoro, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu na makarani wa tawala za wenyeji. Lower Kabete, nje kidogo ya Nairobi, Chuo cha Utawala cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1961 katika eneo lililokuwa la Shule ya Jeanes, ili kuwaandaa Waafrika wa kushika nafasi za maofisa Waingereza waliokuwa wanaondoka. Mwaka 1972 Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na baadaye chuo kikuu. Katika kipindi hicho chote tatizo lilikuwa uhaba wa watu: ofisi zilikuwepo, wa kuzikalia hawakutosha. Mafunzo yalikuwa njia ya kumpata ofisa.

Miaka ya 1990 tatizo lilibadilika sura. Wasomi walikuwa wameongezeka, lakini huduma zilizorota. Tanzania ilitunga Sheria ya Wakala wa Serikali mwaka 1997, ambayo iliziondoa shughuli kadhaa ndani ya wizara na kuzikabidhi kwa wakala zenye Mtendaji Mkuu, mpango wa biashara na malengo ya kupimwa. Wakala wa Barabara (TANROADS) ulianza mwaka 2000, na mwaka huohuo Chuo cha Utumishi wa Umma nacho kilianzishwa kama wakala. Mkuu wa wakala alitakiwa ajue gharama ya huduma anayotoa, amsikilize mteja, na aeleze matokeo badala ya kueleza matumizi tu. Mwaka 2010 ikaanzishwa Taasisi ya Uongozi kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Finland, ikilenga viongozi wa juu. Kenya ilitunga sheria mwaka 2012 iliyokigeuza chuo cha Kabete kuwa Chuo cha Serikali cha Kenya, kinachojulikana zaidi kama KSG, na kuviweka chini yake vyuo vya serikali vya Mombasa, Matuga, Embu na Baringo. Vyuo, basi, vipo. Lililobaki ni kujua nani analazimika kupita humo, na wakati gani wa maisha yake ya kazi.

Sharti la mlangoni

Njia ya kwanza ni kumfundisha kiongozi kabla hajaingia. Mfano wake mashuhuri ni Ufaransa, iliyoanzisha shule ya taifa ya utawala, ENA, mwaka 1945. Aliyefaulu mtihani mgumu wa kuingia alisoma na kufanya kazi kwa vitendo katika ofisi za mikoa na balozi, kisha nafasi aliyoshika katika orodha ya kuhitimu ikaamua aende idara gani. Faida yake ni kwamba serikali nzima ilipata maofisa wenye lugha moja ya kazi. Hasara yake ni kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu alifungiwa njia ya kudumu kwa alama za siku chache, na viongozi wa juu wakawa kundi dogo lililojuana tangu shuleni. Lawama hizo zilichangia ENA kufungwa, na tarehe 1 Januari 2022 taasisi mpya, INSP, ikachukua nafasi yake.

Udhaifu mwingine wa njia hii unahusu wakati wenyewe. Somo la kumwonya mtumishi mlevi humwingia vizuri zaidi mtu ambaye tayari ana mtumishi wa namna hiyo. Anayefundishwa miaka kumi mapema atalikariri kwa ajili ya mtihani.

Sharti la ngazi

Njia ya pili ni ya Kenya, ambako sharti huelezwa bayana. Miongozo ya kupanda vyeo kwa kada nyingi za utumishi wa umma hutaja, pamoja na shahada na miaka ya uzoefu, kozi mahususi ya uongozi kwa kila ngazi. Anayeingia ngazi ya usimamizi hudaiwa cheti cha kozi ya usimamizi isiyopungua wiki mbili. Anayeelekea kwenye umeneja hudaiwa kozi ya menejimenti ya juu, SMC, isiyopungua wiki nne. Anayetaka ukurugenzi hudaiwa programu ya uongozi wa kimkakati, SLDP, ya wiki sita. Matangazo ya kazi ya mashirika ya umma hurudia masharti hayohayo, na asiyekuwa na cheti anaweza kuachwa nje ya orodha ya usaili hata kama kazi anaijua.

Nguvu ya mpangilio huu ni uwazi. Ofisa wa ngazi ya kati anajua leo atahitaji nini baada ya miaka mitano, na mwenye kuajiri hana pa kujificha akimpandisha mtu asiyetimiza. Sharti linawafuata hata wanaokaimu: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inataka anayekaimu awe na sifa zote za cheo anachokikaimu, na muda wa kukaimu usipungue siku 30 wala usizidi miezi sita.

Lakini sharti lililofungwa kwenye kupanda cheo huzaa matatizo yake. La kwanza ni kwamba cheti hugeuka tiketi. Mtu huenda darasani kwa sababu nafasi imetangazwa, hurudi na karatasi, na kilichosomwa hakiulizwi tena. La pili ni umbali kati ya kozi na kiti. Ofisa anaweza kuhitimu kozi ya menejimenti akakaa miaka mingi bila kupandishwa. Siku anapoitwa, sheria ya ununuzi aliyoisoma imeshafutwa na mfumo wa kompyuta aliouzoea umezimwa. La tatu ni fedha. Wizara isipokuwa na bajeti ya mafunzo, ofisa hujilipia karo mwenyewe, na hapo sharti linaanza kuchuja kwa mfuko. Kwa Kenya hili ni suala la katiba: Ibara ya 232 ya Katiba ya mwaka 2010 inazitaja fursa za kutosha na zilizo sawa za kuteuliwa, kupata mafunzo na kupanda cheo, kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu. Kozi inayotolewa mbali na kituo cha kazi, kwa wiki sita mfululizo, humbana zaidi mama mwenye mtoto mchanga na ofisa wa kaunti ya pembezoni kuliko ofisa wa Nairobi.

Sharti la kiti

Njia ya tatu ni ya Marekani, ambako sharti humngoja mtu akiwa ameshakalia kiti. Sheria ya mwaka 2004 ya kulegeza taratibu za utumishi wa serikali kuu, pamoja na kanuni zilizotolewa baadaye na Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi (OPM), inaitaka kila taasisi ya serikali kuu kumfundisha msimamizi mpya ndani ya mwaka mmoja tangu ateuliwe, kisha kumrudisha kwenye mafunzo angalau mara moja kila baada ya miaka mitatu. Maeneo yanayotajwa ni manne: kuwalea watumishi kikazi, kuinua utendaji na tija yao, kuwapima kwa mujibu wa mfumo wa taasisi, na kumtambua na kumsaidia mtumishi ambaye kazi yake haifikii kiwango. Yote manne yanahusu watu. Fedha, ununuzi na teknolojia zina masharti yake kwingine.

Sharti hili linategemea nguzo ya pili, nayo ni ya zamani zaidi. Mageuzi ya utumishi ya mwaka 1978 yaliweka kipindi cha majaribio kwa msimamizi wa mara ya kwanza. Akishindwa kazi ya kusimamia, hafukuzwi; anarudishwa kwenye nafasi ambayo daraja na mshahara wake si chini ya ile aliyoiacha. Mhandisi mzuri aliyeshindwa umeneja anarudi kuwa mhandisi mzuri. Kwa hiyo mafunzo na majaribio yanakwenda sambamba, na aliyekosea kumteua ana mlango wa kusahihisha.

Kasoro yake ni kwamba kanuni haitaji idadi ya saa. Taasisi moja inaweza kuandaa wiki nzima ya darasa na mazoezi, nyingine ikatosheka na kozi ya kompyuta ambayo mtu huibofya huku akijibu barua pepe, na zote mbili zikahesabika zimetimiza.

Tanzania: mseto wa njia

Tanzania imechanganya vipande vya njia hizi. Msingi ni Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, ya mwaka 2002, pamoja na Kanuni za mwaka 2022 zilizochukua nafasi ya zile za 2003. Chini yake kuna Kanuni za Kudumu na Miundo ya Maendeleo ya Utumishi, inayotaja sifa za kila cheo. Mwajiri ndiye anayebeba wajibu wa mafunzo: hufanya tathmini ya mahitaji, huandaa mpango wa mafunzo na kuutengea fedha. Mtumishi mpya hupewa mafunzo elekezi, na viongozi wanaoteuliwa, kuanzia wakurugenzi wa halmashauri hadi wakuu wa taasisi, hukusanywa kwa semina baada ya uteuzi.

Baadhi ya sekta zina vyuo vyake. Bagamoyo kuna ADEM, wakala unaowaandaa wakuu wa shule, maofisa elimu na wathibiti ubora wa shule; ulitokana na chuo cha zamani cha uongozi wa elimu, MANTEP. Hombolo, Dodoma, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa. Zanzibar ina sheria yake ya utumishi wa umma, Na. 2 ya mwaka 2011, na Chuo chake cha Utawala wa Umma. Hata hivyo, chombo kuwepo hakumaanishi kila anayehitaji anakipitia. Tathmini ya mahitaji ikimwachia mwajiri uamuzi wote, mafunzo yanafuata hali ya bajeti, na makisio yakipunguzwa, fungu la mafunzo halichelewi kuguswa.

Pengo kubwa zaidi liko katikati. Ngazi ya chini ina mafunzo elekezi na ya juu ina semina za wateule. Mkuu wa kitengo mwenye watumishi kumi na wawili, ambaye hakuteuliwa na Rais wala hakuajiriwa jana, hana wakati maalumu wa kuitwa. Huyu ndiye anayekutana na mwananchi kupitia watumishi wake kila siku, na mara nyingi ndiye anayekaimu cheo cha juu mkuu wake anapohamishwa. Mpango wa urithishanaji madaraka, ambao taasisi hutakiwa kuwa nao, ungepaswa kumwandaa yeye kwanza. Ukibaki kwenye faili, anayekaimu hujifunza kwa kukosea.

Tofauti na Marekani inaonekana pia katika mlango wa kutokea. Katika utumishi wa ukanda huu, kurudi kutoka umeneja hadi kazi ya taaluma huonekana aibu, na neno linalotumika, kutenguliwa, limebeba tuhuma. Wasioweza kusimamia hubaki kwenye kiti, au huhamishiwa kiti kingine cha ukubwa uleule.

Yanayopaswa kufundishwa

Kwa kulinganisha nchi hizo, maudhui ya msingi hayatofautiani sana. La kwanza ni sheria ya kazi na nidhamu, hasa haki ya kusikilizwa. La pili ni fedha za umma: bajeti, masurufu, ununuzi na namna ya kujibu hoja za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. La tatu ni maadili, ambayo Tanzania imeyatungia Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. La nne ni kupima utendaji. La tano ni kuzungumza na watu: kumsifu mtumishi, kumkosoa bila kumvunjia heshima, na kuendesha kikao kinachoisha na maazimio yenye majina na tarehe.

Mambo mawili ya mwanzo yanaweza kufundishwa kwa mhadhara na jalada la mfano. Mawili ya mwisho hayafundishiki hivyo. Tathmini ya utendaji ni mfano mzuri. Tanzania ilianza kutumia mfumo wa wazi wa OPRAS mwaka 2004, ambao ulimtaka msimamizi na msimamiwa wakae, wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka na kupeana alama mwishoni. Kwenye karatasi ulikuwa mfumo mzuri. Lakini msimamizi asiyejua kumwambia mtu mzima, pengine aliyemzidi umri, kwamba kazi yake haitoshi, alijaza alama za juu kwa wote ili amani iwepo, na fomu zikarudi masijala zikiwa na sifa zinazofanana. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uliochukua nafasi yake umehamishia hatua hizo kwenye kompyuta. Kompyuta inaonyesha nani hajajaza. Haimpi msimamizi ujasiri wa kusema kweli. Ujasiri huo hupatikana kwa mazoezi ya ana kwa ana na kwa mlezi wa kazi aliyekwishapita njia hiyo.

Mfano huohuo unaeleza kwa nini kozi moja haitoshi. Katika kipindi kifupi kuanzia 2022, mkuu wa kitengo Tanzania amepokea Kanuni mpya za Utumishi, mfumo mpya wa kupima utendaji, Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo mpya wa ununuzi wa NeST. Aliyefundishwa vizuri mwaka 2015 na asirudishwe darasani anafuata kwa uaminifu taratibu ambazo hazipo tena.

Kupima kama sharti limefanya kazi

Ripoti nyingi za mafunzo huishia kwenye hesabu ya waliohudhuria. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick wa Marekani alieleza ngazi nne za kupima, ambazo bado zinatumika: washiriki waliyaonaje mafunzo, walijifunza nini, walibadilika vipi kazini, na taasisi ilipata nini. Ngazi mbili za kwanza hupimwa siku ya kufunga kozi, na ndizo zinazopimwa zaidi. Mbili za mwisho zinahitaji mtu arudi ofisini kwa mhitimu baada ya miezi kadhaa.

Serikalini vipimo vya ngazi hizo havihitaji utafiti mkubwa, kwa kuwa kumbukumbu zake zipo tayari. Kwa kila kitengo huweza kuangaliwa masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati, hoja za ukaguzi zinazojirudia, mashauri ya nidhamu yaliyobatilishwa kwenye rufaa kwa kukiuka utaratibu, maombi ya uhamisho ya watumishi wanaomkimbia mkuu mmoja, na alama za utendaji zinazofanana kwa wote. Takwimu hizo zikisomwa pamoja na orodha ya waliopata mafunzo na wasiopata, taasisi inajua kozi ipi ina faida na ipi ni safari tu.

Muundo wa sharti lenye nguvu unajitokeza kutokana na uzoefu wa nchi zote hizo. Kutoka Kenya unachukua uwazi wa kila ngazi na kozi yake. Kutoka Marekani, muda wa mwaka mmoja, marudio ya kila miaka mitatu na njia ya heshima ya kumrudisha mtu kwenye taaluma. Kutoka Tanzania, vyuo vya sekta vinavyojua kazi yenyewe, cha shule Bagamoyo na cha halmashauri Hombolo. Kisha unafungwa kwenye kitu ambacho msimamizi anakihitaji kila siku. Cheo hupatikana mara moja, na sharti lililofungwa hapo huisha siku barua ya uteuzi inapotoka. Likifungwa kwenye mamlaka ya kupitisha masurufu, kufungua jalada la nidhamu na kutoa alama za utendaji, yaani msimamizi asiyapate kabla ya mafunzo na yasimame asiporudi darasani kwa wakati, swali la nne linakuwa na jibu.